Sakafu ya Zamu Mbili

Kuna asubuhi moja ya miaka ile ya tabu ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu. Nilikuwa nimepiga magoti sebuleni kwa baba mkwe wangu, hapa hapa Likasi, kipande cha kioo mkononi, nakwangua sakafu ya mbao huku jasho likinitiririka. Shangazi wa mume wangu akatokea mlangoni na mzigo wake kichwani, akaniangalia, na badala ya kunisifu akanigombeza. Nami nilikuwa nimetegemea sifa, sikufichi. Nilikuwa kijana, na nilipenda sana kuonekana ninapofanya jambo jema.

Nakuhadithia haya leo kwa sababu nimesikia habari zako. Nimesikia mama mkwe wako amehamia kwako tangu alipofiwa, na kwamba humwachi anyanyue hata ufagio. Anakaa kwenye kiti kizuri, televisheni mbele yake, chai inamfuata alipo. Majirani wanasema mama huyo amepata mkamwana wa dhahabu. Nilifurahi kusikia, maana nimekulea mimi mwenyewe na moyo wako naujua. Lakini kuna kitu kidogo kilinichoma, nikasema, huyu mtoto nimwite akae hapa karibu yangu nimweleze habari ya ile sakafu. Weka simu pembeni, mama. Haitakimbia.

Miaka ile ya tisini wewe ulikuwa bado hujazaliwa. Kampuni ya migodi iliyoulisha mji huu tangu enzi za babu zetu ilikuwa inaanguka mbele ya macho yetu. King'ora kilichokuwa kinawaita kazini watu wa Panda, kambi ya wafanyakazi, kilianza kulia siku moja moja, kisha kikanyamaza kabisa. Mishahara ilichelewa, baadaye ikaja vipande vipande, baadaye haikuja. Ungewaona wanaume waliozoea kutoka nyumbani alfajiri, sasa wamekaa vibarazani na nguo zao za kazi, safi, zimepigwa pasi, hawajui waende wapi. Wengine waliendelea kuamka saa ile ile ya zamani na kunyoa ndevu.

Baba mkwe wangu alikuwa mmoja wao. Jina lake silitaji, ingawa amelala makaburini siku nyingi. Kwetu mkamwana hamtaji baba mkwe kwa jina, na mimi sitaanza utovu wa adabu uzeeni. Alikuwa mkubwa wa posti kiwandani. Posti ndiyo zamu, nadhani unajua: posti ya asubuhi, posti ya mchana, posti ya usiku. Mtu huyu maisha yake yote aliyapanga kwa posti. Hata nyumbani, mume wangu alinieleza, walipokuwa watoto alikuwa anawauliza, "Posti gani inachota maji leo?" Na ole wa posti iliyoiachia nyingine ndoo tupu.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya wakati wa Wabelgiji, aliinunua kwa jasho la miaka mingi, na sebuleni ilikuwa na parke. Nieleze parke ni nini, maana siku hizi mnaweka vigae kila mahali mpaka nyumba zenu zinafanana na hospitali. Parke ni sakafu ya vibao vidogo vya mti mgumu, vyekundu, vimepangwa kwa kupishana, hiki kinaelekea kulia na kile kinaelekea kushoto, kutoka ukuta hadi ukuta. Ikitunzwa vizuri, unaona dirisha ndani yake. Mama mkwe wangu aliitunza. Kila Jumamosi alipaka nta kidogo, akafunga vitambaa vya sufu miguuni, akaanza kusugua kwa kwenda mbele na kurudi nyuma huku akiimba nyimbo za kwaya. Baba mkwe alikuwa anakaa mlangoni akimtania kwamba anacheza dansi bila mwanaume. Mama naye akimjibu kwamba wanaume wote wa Likasi wana viatu vichafu.

Mama huyo alikufa wakati wa masika, mwaka wa kwanza wa ndoa yangu. Unajua kilio cha kwetu kinavyokuwa. Viti na meza vikatolewa nje, mikeka ikatandikwa sebuleni, wanawake wakalala pale majuma kwa majuma. Mvua haikukata. Watu waliingia na matope ya uani, watoto wakamwaga maji, na kwa kuwa nje hapakuwa na pakavu pa kupikia, mbabula, yale majiko ya makaa, zikaingizwa ndani. Masufuria ya moto yaliwekwa chini moja kwa moja. Vibao vilivyokuwa vimelegea karibu na mlango, mtu aliving'oa akawashia moto. Simlaumu yeyote. Watu walikuja kulia na sisi na walikuwa na baridi.

Walipoondoka, ile parke haikutazamika. Ilikuwa nyeusi, ina mikwaruzo, ina miduara ya kuungua, na pale mlangoni palikuwa na shimo. Baba mkwe alisimama kizingitini akaiangalia, kisha akafunga mlango. Tangu siku hiyo hakuingia tena sebuleni wala chumbani kwake. Alihamia kwenye stoo ndogo nyuma ya jiko, na mchana kutwa alikaa kwenye ngazi ya nyuma akitazama bomba la moshi la kiwanda ambalo halikuwa na moshi. Nilimpelekea bukari, ugali wetu, akamega matonge mawili matatu, akarudisha sahani. Suruali zake zikaanza kumpwaya.

Kisha akamwambia mume wangu kwamba anauza nyumba. Kuna mfanyabiashara aliyeitaka kwa ajili ya depo ya unga na samaki wa chumvi, na huyo angekuja kuiangalia mara tu baada ya kuondoa matanga. Baada ya hapo yeye baba mkwe angepanda lori aende kijijini kwao, kaskazini, akangojee siku yake. Mume wangu alimbembeleza, hakusikia. Sisi tungepata pa kulala, mwanangu, hata chumba cha kupanga kambini. Hilo halikunitisha sana. Lakini kule kijijini hakuwa na mtu. Wazazi wake walikufa zamani, ndugu zake wametawanyika. Nilimwona jinsi alivyokuwa amekwisha, nikajua kwamba akipanda lile lori hatutamwona tena. Nilimpenda yule mzee. Hakuwahi kunisemesha maneno mengi, lakini siku niliyoingia pale kama bibi harusi alikuwa amenipakia rangi mlango wa chumba changu kwa mikono yake.

Mume wangu siku nyingi hakuwepo. Alikuwa anakwenda na baiskeli msituni kununua makaa, anarudi na magunia yamepandana nyuma kuliko kimo chake, anauza, anakwenda tena. Kwa hiyo nilikuwa peke yangu na mzee na ule mlango uliofungwa. Ndipo nikapata wazo langu. Nikasema, nitaitengeneza parke yote iwe kama alivyoiacha mama. Siku ya kuondoa matanga nitafungua mlango, mzee ataona, moyo utamrudi, hatauza.

Mimi nilikulia kambini Panda, kwenye sakafu ya sementi inayopakwa nta nyekundu. Mbao sikuzijua. Nikaenda kumuuliza seremala mmoja sokoni, akanielekeza bila kuniringia. Ni kazi ndefu lakini si ngumu, hata wewe unaiweza. Kwanza unatoa kila kitu chumbani. Unapapasa sakafu yote kwa kiganja, misumari iliyochomoza unaipigilia izame, vibao vinavyocheza unavibandika upya. Halafu unakwangua uchafu na nta ya zamani kwa ubapa wa chuma au kipande cha kioo, ukifuata nyuzi za mbao, kamwe usizikate. Kwenye parke hiyo ndiyo taabu yenyewe, maana kila kibao kina mwelekeo wake, ukiteleza kidogo umemkwaruza jirani. Ukishakwangua unapitisha msasa mkali, kisha msasa laini. Nyufa unazijaza kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Unapangusa vumbi lote. Mwisho ndiyo nta.

Tatizo langu halikuwa kioo wala msasa. Tatizo lilikuwa heshima. Kwetu mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hampi mgongo, na kuinama mbele yake ndiyo usiseme. Sasa niambie, utakwangua sakafu namna gani bila kuinama? Nikatundika kitenge mlangoni. Mzee naye, kila alipopita uani kwenda kuchota maji, alikohoa kutoka mbali ili nipate muda wa kusimama na kujifunga nguo vizuri. Akishapita, narudi magotini. Hakuuliza nafanya nini. Bila shaka alisikia ile sauti ya kioo kwenye mbao kuanzia asubuhi mpaka jioni, lakini hakuuliza.

Nilikwangua hivyo mpaka vidole vikavimba. Nikaanzia ukuta wa mlango wa chumba, nikasogea polepole kuelekea dirishani. Chini ya ule weusi wekundu wa mbao ulianza kutokea, na mimi nikaanza kujipenda sana. Nilikuwa nimefika katikati ya chumba siku ile alipotokea huyo shangazi.

Shangazi ninayemsema ni Tantine Feli, dada mdogo wa baba mkwe, mkulima wa Kapolowe. Habari za kuuza nyumba zilikuwa zimemfikia huko shambani, akaja na unga, asali na donge la nta ya nyuki. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Akainua kitenge akachungulia.

"Weye mutoto, unafanya nini mule?"

"Natengeneza parke, tantine. Nataka kumaliza mbele ya siku ya kutosha matanga."

"Peke yako?"

"Peke yangu. Sitaki baba asumbuke."

"Asumbuke!" Akatua mzigo wake. "Kaka yangu eko mugonjwa?"

"Hapana, tantine."

"Mikono yake ilikatika?"

"Hapana."

"Basi juu ya nini unamufanya kama maiti? Bibi yake alikufa. Kazi yake ilikufa. Alibakia na hii nyumba tu, na hii nyumba weye unamutengenezea kama muntu mwenye eko mu oteli. Sasa yeye atashika nini? Sema, nisikie. Atashika nini?"

Vidole vyangu vilikuwa vinatoka damu, mwanangu, na huyu mama anakuja kuniambia nimekosa. Nikamwambia, kwa kununa, kwamba mzee hata akiitwa kula haji, sembuse kukwangua.

"Sikusema umwite," akanijibu, na sauti yake ikashuka. "Muachie upande yake, ni ile tu. Weka vyombo pale, toka."

"Na kama hafanye?"

"Kama hafanye, itabakia vile. Weye utapita pembeni."

Basi nikaacha. Nilipanga kioo, ubapa wa chuma na karatasi za msasa vizuri ukutani, chini ya dirisha, nikatoka. Ile sebule ilibaki nusu nyekundu nusu nyeusi, kama kichwa cha mtu aliyekimbia kinyozi. Kila nilipopita nilitamani kuingia nimalize. Siku zikapita, vyombo havikuguswa. Tantine Feli alikuwa amekaa kizingitini akipukuchua mahindi, na kila nikisogea alininyooshea gunzi. Siku ya kuondoa matanga ilikuwa inakaribia, na mfanyabiashara nyuma yake. Nilimchukia kidogo shangazi huyo siku zile. Usiku nilimwomba Mungu anisamehe, asubuhi nikamchukia tena.

Kazi ya sebule ikiwa imesimama, nikarudi kuuza vitumbua sokoni asubuhi ili tupate chumvi na sabuni. Siku moja nilirudi mchana, nikainua kitenge kwa mazoea tu, nikaona jambo. Karibu na dirisha, kwenye ule upande mweusi, palikuwa na sehemu ndogo iliyokwanguliwa, haizidi upana wa sinia. Nikapiga magoti nikaipapasa. Nikamgeukia Tantine Feli. Yeye alikuwa anaendelea na mahindi yake na uso wa mtu asiyejua lolote.

Kesho yake sehemu ile ilikuwa imekuwa kubwa. Keshokutwa ilikuwa imefika ukutani, na pembeni yake palichorwa mstari wa chaki, umenyooka, na juu yake maneno kwa mwandiko wa kiwandani: "Posti ya asubuhi, mpaka hapa." Nilikaa chini nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo, kisha nikachukua kioo. Nilifanya kazi mpaka jua likapungua, nikachora mstari wangu: "Posti ya mchana, mpaka hapa."

Tukaendelea hivyo. Asubuhi mimi niko sokoni, yeye yuko ndani. Mchana nikirudi yeye ameshatoka, amekaa kwenye ngazi yake ya nyuma na vumbi la mbao kwenye nyusi. Hatukukutana hata mara moja mle ndani, heshima yetu haikuguswa, lakini nilijua kila alichokifanya, na yeye alijua kila nilichokifanya. Siku moja nikakuta mshale wa chaki unaelekea kwenye kibao changu nilichokikwangua kwa haraka, nikakata nyuzi zake. Kando ya mshale aliandika: "Rudia." Niliudhika! Mimi niliyeanza kazi hii, leo naambiwa nirudie. Nikarudia, nikalainisha mpaka kikang'aa. Na nilipokuwa nageuka kutoka, nikaona kwenye upande wake donge la gundi limekauka juu ya ufa. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nikachora duara kulizunguka, nikaandika: "Rudia."

Usiku huo sikulala vizuri kwa woga. Asubuhi sikwenda sokoni mapema, nilijificha jikoni nikijifanya napepeta unga. Nikamsikia akikohoa, akapita, kitenge kikainuliwa. Halafu akacheka. Alicheka kwa sauti mpaka akakohoa kweli, na Tantine Feli aliyekuwa uani akaacha kila kitu akafunika mdomo kwa mikono yote miwili. Hakuna aliyemsikia mzee yule akicheka tangu siku ya mazishi. Mchana nikakuta donge limeondolewa, na mahali pake pamelainishwa kama shavu la mtoto.

Lilibaki lile shimo la mlangoni, pale vibao vilipong'olewa. Mimi sikujua la kufanya, maana mbao kama zile hazikuuzwa tena mjini. Siku moja nikakuta limezibwa, rangi ile ile, unene ule ule. Nilimuuliza Tantine Feli vibao vimetoka wapi. Akaniambia kaka yake ameingia chumbani, kwa mara ya kwanza, akasogeza kitanda cha yeye na mkewe, akang'oa vibao vya chini yake, pale ambapo hapaonekani. "Alisema bibi yake hakupenda salo ikae na shimo," akaniambia, akimaanisha sebule. Na usiku huo mzee alilala humo chumbani. Sahani yake ya bukari siku hizo ilikuwa inarudi tupu, nami sikumwambia mtu, niliogopa nikitaja itarudi imejaa.

Ikaja siku ya nta. Hapa sikiliza vizuri, usije ukachoma nyumba. Nta ya nyuki haiwekwi juu ya moto. Unaikatakata kwenye sufuria ndogo, sufuria hiyo unaikalisha ndani ya maji ya moto, nta inayeyuka yenyewe. Unaitoa nje, mbali kabisa na mbabula, ndipo unachanganya mafuta ya terebentini, yale ya mafundi rangi. Mzee alikuwa na chupa yake ya siku nyingi. Unapaka kwa kitambaa, nyembamba, nyembamba sana. Unaacha ikauke, hakuna anayekanyaga. Halafu unasugua kwa kipande cha blanketi la sufu, unapaka tena. Posti ya asubuhi ilipaka upande wa dirisha. Posti ya mchana ikapaka upande wa mlango wa chumba. Nilitoka kinyumenyume mpaka uani, nikaangusha kitenge.

Siku ileile, kabla hata ya matanga kuondolewa, yule mfanyabiashara akafika na pikapu yake. Nilikuwa nyuma, nasonga bukari. Baba mkwe alikuwa ameweka kiti mlangoni mwa mbele, amekaa hapo katikati, viatu pembeni. Nilisikia kila neno.

"Jambo papa. Nimekuya kuangalia nyumba."

"Jambo. Huwezi kuingia. Parke haiyakauka."

"Nitatosha viatu, papa."

"Hata miguu. Nta ikingali mubichi."

"Basi nitarudia kesho."

"Kesho pia haitakauka."

Nikasikia Tantine Feli anakohoa kikohozi cha kicheko. Yule bwana akauliza kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya: "Papa, unauzisha nyumba ao hauuzishe?"

Mwiko wangu ukasimama ndani ya sufuria.

"Angalia ile parke," akasema. "Kutoka ku dirisha mpaka pale katikati, ni kazi yangu. Ile ingine ni ya mwenzangu wa posti. Siwezi kuuzisha kazi ya mwenzangu."

"Mwenzako gani, papa? Kazi ilisimama siku mingi."

"Eko kule nyuma," mzee akasema. "Anapika bukari."

Nililia, mwanangu. Niliegemea ukuta wa jiko nikalia mpaka bukari ikaungua. Hakuwahi kuniita kwa jina lolote mpaka siku ile, na hilo alilonipa lilikuwa kubwa kuliko yote aliyokuwa nayo. Wanaume wa kiwandani walikuwa tayari kumfia mwenzao wa posti. Yule bwana alipanda pikapu yake akaenda, na lori la kaskazini liliondoka bila mzee wetu. Aliishi miaka mingi baadaye kwenye nyumba ile. Alimwona mume wangu akipata kazi nyingine, aliwaona watoto wetu wakiteleza kwenye parke na soksi, na Jumamosi mimi nilisugua upande wangu na yeye akasugua wake, kila mtu kwa zamu yake.

Sasa nikwambie waziwazi, usije ukaniaga ukidhani nilikuwa napitisha muda tu. Wewe una huruma, na huruma yako ni ya kweli. Lakini mtu aliyefiwa ukimfanyia kila kitu, unamwambia bila maneno kwamba hana kazi tena duniani. Mama mkwe wako alilea watoto saba, aliuza sokoni miaka thelathini. Mtafutie upande wake katika nyumba hiyo, uwe wake kweli, si wa kumfurahisha. Usimwamuru, usimwombe kwa machozi. Weka vyombo mahali anapoviona, kisha toka. Itachukua siku, na zitakuuma, na utatamani kuingia umalize mwenyewe. Jizuie. Akianza, usirudie nyuma ya mgongo wake alichokifanya, maana atajua, wazee tunajua. Kama kimeharibika mwambie arudie, na yeye akikwambia urudie, rudia bila kununa. Hapo ndipo mtakuwa watu wawili ndani ya nyumba, na siyo mmoja na mzigo wake.

Inuka sasa, uniletee kichwa chako hapa niweke mkono. Mungu aliyeniweka mimi chini ya dari ya mzee yule akukalishe vizuri chini ya dari yako. Mikono yako isikose kazi, na kazi yako isikose mwenzake. Wakongwe wa nyumba yako wazeeke wakiitwa, siyo wakipitwa. Watoto wako wateleze kwenye sakafu safi, waanguke, wacheke, wainuke. Na siku utakapozeeka wewe, upate mtu wa kukuachia upande wako. Nenda, mwanangu. Nenda salama.